Kivuli Kilichovuka Uchochoro

2 Machi

Mdogo wangu amehamia kwangu leo na mabegi matatu na mimba ya miezi mitano na ushei. Mumewe ni dereva wa malori ya masafa marefu, akiondoka leo kurudi ni majaliwa. Nimempa chumba changu, mimi nimehamia sebuleni.

Ameniuliza kama nitamzalisha mwenyewe. Nimemwambia, "Hao wote niliozalisha miaka yote hii nilikuwa nafanyia mazoezi. Mtihani ni wewe." Amecheka mpaka akashika mbavu.

5 Machi

Joto la kuvua ngozi. Saa sita mchana nimesimama uani mwa zahanati nikatazama chini: kivuli changu chote kilikuwa ndani ya viatu. Mvua bado.

Jirani wa zahanati upande wa kaskazini anajenga. Kati yake na sisi kuna uchochoro tu, wa kupita mtu mmoja na ndoo yake. Ni mama mstaafu, alifundisha jiografia sekondari mpaka akazeeka nayo, na mtaa mzima tunamwita Mwalimu. Hata Daktari wetu mfawidhi alipita mikononi mwake. Anajenga vyumba vya kupangisha. Ukuta umefika kwenye madirisha ya chini.

14 Machi

Masika yameanza.

15 Machi

Mvua.

22 Machi

Mvua, na betri zinalalamika. Huku kwetu nguzo za umeme ziliishia barabara kuu, hivyo kila kitu zahanati kinategemea paneli sita zilizo juu ya paa: friji ya chanjo na dawa, taa ya chumba cha kujifungulia, mashine ya kunyonya ute wa vichanga. Wingu likikaa siku mbili, kile kitaa chekundu cha betri kinaanza kunikonyeza kama kina deni langu.

Fundi wetu wa sola, tunayemwita Fundi Jua, amekuja akiwa amejifunika mfuko wa saruji kichwani. Amepima betri, akafuta paneli na shati lake. "Hazina ugonjwa, Sista. Zina njaa. Subirini mvua iishe, mbingu ikifunguka zitashiba."

9 Aprili

Leo mafundi wa Mwalimu wamemwaga zege la ghorofa ya kwanza. Kelele tangu alfajiri. Mwalimu mwenyewe hukaa chini ya mwavuli kwenye kiti cha plastiki, akiwasimamia kama wanafanya mtihani wa mwisho. Mfereji wetu wa maji ya mvua ulipoziba, alituma vijana wake wawili wakauzibua bila kuombwa. Nilipokwenda kumshukuru aliniambia, "Mimi sikujaliwa mtoto, mwanangu. Hii nyumba ndiyo itakayonilea."

Nimempenda. Ana namna ya kukutazama kana kwamba anakungoja umalize jibu.

21 Aprili

Mvua. Kitaa chekundu. Mtoto anacheza sana, mdogo wangu anasema atakuwa mcheza ngoma.

3 Mei

Mbingu imefunguka. Wiki yote hii hakuna hata wingu, asubuhi kuna ubaridi mzuri, kipupwe kinakaribia. Tulipaswa kufurahi. Betri hazijajaa.

Fundi Jua amepanda juu saa mbili asubuhi, kisha akaniita. Sijawahi kupanda ngazi ile. Nimepanda nimeshika sketi kwa mkono mmoja. Akanionyesha: jengo la Mwalimu, ambalo sasa lina ghorofa mbili na nguzo za ya tatu, lilikuwa limelaza kivuli chake juu ya uchochoro, juu ya ukingo wa paa letu, hadi kwenye kona ya paneli ya kwanza.

"Kona tu," nikasema.

"Zimefungwa mnyororo, Sista. Moja ikilala, zote zinasinzia."

"Mbona Machi hakikuwepo?"

Akatoa simu. Aliingiza latitudo na longitudo za paa letu, na simu ikamchorea njia ya jua ya kila mwezi, mistari iliyopinda kama mbavu. Akanieleza taratibu, maana aliona nimemkazia macho. Jua halijahama. Dunia inalizunguka ikiwa imeinama, kama mtu anayeizunguka meza huku kichwa amekilaza upande mmoja, hakinyanyui. Miezi fulani upande wa kusini ndio unaolielekea jua, miezi mingine ni zamu ya kaskazini. Na sisi tuko kusini mwa Ikweta. Kila siku kuanzia sasa jua la mchana litatujia kutokea kaskazini zaidi, na kivuli cha kila kitu kilichosimama kaskazini kitalala kuja kwetu.

"Mpaka lini?"

"Mwishoni mwa Juni ndio mwisho wake. Hapo kinasimama kidogo, halafu kinaanza kurudi."

Nimehesabu bila kutaka. Mdogo wangu anatazamiwa katikati ya Juni.

6 Mei

Nimepanda ngazi. Kimesogea.

8 Mei

Nimepanda ngazi. Kimesogea tena. Fundi ameweka alama ya chaki, nami nimeikuta imeshamezwa. Nimemuuliza kama tunaweza kuzihamishia paneli upande wa pili wa paa. Amegonga mbao za upande huo kwa bisibisi, bisibisi ikazama. Mchwa wamekula kila kitu, kimebaki rangi tu.

11 Mei

Nimekwenda kwa Mwalimu na adabu zangu zote. Nilikaribishwa kiti, nikapewa maji. Nikamuuliza anaishia ghorofa ya ngapi.

"Nne."

Nikamweleza kuhusu paneli, friji na kivuli. Akanyanyuka, akatazama juu, mkono ukiwa kwenye paji la uso. Akasema kwa sauti ile ya darasani, polepole, kama anayeandika ubaoni, "Jua linaelekea Tropiki ya Kansa. Hufika tarehe ishirini na moja Juni. Ndiyo. Ndivyo ilivyo." Kisha akakaa.

Nimetoka pale masikio yananiwaka. Kumbe anajua. Anajua mpaka tarehe. Mtu asiyejua unamfundisha, lakini huyu anajua na amekaa kwenye kiti chake cha plastiki anapandisha tofali juu ya tofali.

17 Mei

Friji imefika nyuzi kumi na nne. Chanjo zote tumezipakia kwenye kasha la barafu, zimekwenda zahanati ya ng'ambo ya mto. Kina mama waliokuja na watoto wao tumewarudisha. Mmoja alikuwa ametembea tangu alfajiri. Alinitazama tu, akamfunga mtoto mgongoni upya, akaondoka.

Zimebaki dawa ambazo siwezi kuzipeleka mbali, kama ile sindano ya kukaza kizazi baada ya kujifungua. Hiyo lazima iwe karibu, na lazima iwe baridi. Ikikaa na joto inapungua nguvu, na haibadiliki rangi wala harufu. Huwezi kujua kwa kuitazama. Nimeomba mpya bohari ya wilaya. Wamesema nisubiri mgao.

20 Mei

Daktari ametuita sote. Amezungumza vizuri sana leo. Alisema afya ya umma haiwezi kulaliwa na kivuli cha mtu mmoja, kwamba tutakwenda ofisi ya mtaa, na ikibidi mahakamani. Alipiga meza. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi huu uanze nimejisikia nina mtu nyuma yangu.

23 Mei

Nimepanda ngazi. Paneli ya pili.

26 Mei

Kikao cha ofisi ya mtaa. Chumba kilijaa, wengine walisikilizia dirishani. Mwenyekiti akasoma kibali cha Mwalimu. Hakina kasoro, ramani imepitishwa, mpaka wake haujavuka hata kwa unene wa kidole.

Nilitegemea Daktari azungumze kama alivyozungumza juzi. Alisema maneno mawili ya kumung'unya, akakaa. Basi nikasimama mimi. Sikuwa nimejiandaa, yalitoka tu. Nikamwambia Mwalimu mbele za watu, "Wewe umefundisha habari za jua maisha yako yote. Unajua linakokwenda na siku litakayofika. Mwingine tungesema hakujua. Wewe umetupimia kivuli kama fundi cherehani."

Watu wakaguna. Mwalimu hakunitazama mimi. Alimgeukia Daktari, akamtazama kwa muda, kama anayesubiri mwanafunzi anyooshe mkono. Daktari akatazama viatu vyake. Mwalimu akashusha pumzi, akachukua mwavuli wake, akasema, "Haya," akatoka.

Mwenyekiti amesema hana mamlaka ya kusimamisha ujenzi halali. Nimerudi nyumbani nikijiona nimeshinda kitu, ingawa sijui ni kitu gani.

30 Mei

Ghorofa ya tatu imefunikwa zege. Nondo za ya nne zimechomoza juu kama nywele zilizosimama.

2 Juni

Mwalimu amekuja hadi mlango wa zahanati. Hakuingia. "Nina friji nyumbani," akasema. "Jenereta ya mafundi inawaka mchana kutwa, usiku naiwasha mwenyewe. Leteni dawa zenu kwangu, mpaka jua lirudi."

Nilikuwa na majibu ya kitaalamu. Dawa za zahanati zina utaratibu wake, hazitoki nje ya jengo, lazima zipimwe joto asubuhi na jioni. Yote ni kweli. Lakini nilichosema ni, "Dawa za wagonjwa hazikai na nyanya zako."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Mhudumu wetu wa usafi, mama mtu mzima anayenizidi miaka na busara, alikuwa anapiga deki. Hakuniangalia. "Nyanya hazing'ati, Sista," akasema, akaendelea kupiga deki.

5 Juni

Mdogo wangu ameanza maneno leo, tunakula. "Dada, kwa nini nisiende hospitali ya wilaya?"

"Kwa sababu una mimi."

"Najua nina wewe. Nauliza kuhusu taa. Nauliza kuhusu friji. Unarudi kila jioni umekunja uso, unadhani sioni?"

Nikamwambia kina mama walizaa kabla ya friji. Akaweka kijiko chini. "Na wengine walikufa kabla ya friji. Wewe ndiye uliyeniambia."

Tumenuniana hadi wakati wa kulala. Kabla hajafunga mlango nimemwambia sawa, mumewe akirudi tarehe kumi na tano atampeleka wilayani akasubirie huko. Mlango akauacha wazi.

8 Juni

Nimepanda ngazi. Paneli tatu ziko kivulini tangu asubuhi, na mchana ni kipande tu kinachopata jua la kweli. Mbingu haina doa. Huu ndio uchungu wenyewe: jua limejaa mji mzima, watu wameanika nguo, paka wamelala juani, na sisi tuko kwenye kisima.

10 Juni

Mafundi wameanza tofali za ghorofa ya nne. Nimefunga dirisha nisiwasikie.

14 Juni

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali ya wilaya. Mkono wa kulia haufungiki vizuri, herufi zinakwenda upande. Acha ziende.

Ilikuwa juzi. Aliamka na uchungu kabla hata sijawasha jiko. Siku tatu kabla mumewe hajarudi. Nilimpima, njia ilikuwa imefunguka nusu. Gari la wagonjwa la wilaya nilipiga simu, wakasema lipo safarini, likirudi watalituma. Daktari alikuwa kwenye mkutano mjini. Nikasema basi, Mungu ndiye aliyepanga, nikamwegemeza begani tukatembea hadi zahanati. Njiani alikuwa anatania bado. "Leo ndio mtihani wako, dada."

Chumba cha kujifungulia dirisha lake linatazama uchochoroni. Mwaka jana saa sita mchana ulikuwa unaweza kusoma gazeti mle ndani. Juzi nilimwomba mhudumu ashike tochi ya simu. Taa iliwaka robo saa, ikafifia, ikafa.

Mtoto amezaliwa saa saba mchana. Wa kiume, mzima, amelia kabla sijamgusa mgongo. Nikamweka kifuani kwa mama yake. Nikachoma sindano. Kondo likatoka lote, nililikagua kwa tochi mara mbili. Nikaweka mkono juu ya tumbo kutafuta kile kizazi kigumu kama ngumi, kile ninachokijua kama mlango wa nyumba yangu. Sikukikuta. Kilikuwa laini, kama unga uliokandwa vibaya. Na damu ikaanza.

Nikakanda tumbo. Nikachoma ya pili. Nikampa vidonge vya kuzuia damu vilivyokuwa vimebaki. Nikakanda. Damu haikuwa ya kuruka, ilikuwa ya kutiririka, tulivu, kama mtu aliyesahau bomba. Mdogo wangu akasema, "Dada, mbona nasikia baridi?" Nikamwambia mwezi huu ni wa baridi. Midomo yake ilikuwa inabadilika rangi kwenye mwanga wa simu.

Nikafanya kile tunachofundishwa na kuomba tusikifanye. Nikaingiza mkono, nikaukunja ngumi, mkono wa pili nikaukandamiza juu ya tumbo, nikakibana kizazi katikati. Damu ikapungua. Nikajua kwamba nikiachia tu, amekwenda.

Nikamwambia mhudumu, "Kimbia. Tafuta gari lolote."

Alikwenda uchochoroni. Nilimsikia anaita jina la Mungu na jina la Mwalimu kwa pamoja. Kisha nikasikia kitu ambacho sikukielewa mara moja: vishindo, kimoja baada ya kingine. Ni mifuko ya saruji iliyokuwa inatupwa chini kutoka kwenye pikapu ya Mwalimu. Baadaye mhudumu aliniambia mafundi walitaka kuipanga vizuri ukutani, Mwalimu akawaambia, "Tupeni. Tupeni popote." Ilipasuka, mtaa mzima ukawa mweupe.

Vijana wanne wakaingia na ubao wa zege. Hawakuuliza kitu. Wakamlaza mdogo wangu juu yake, mimi nikiwa nimefungwa naye kwa mikono, tukatembea kiubavuubavu kama mdudu mwenye miguu mingi. Wakatuweka nyuma ya pikapu. Mhudumu akakaa mbele na mtoto. Mwalimu akaendesha mwenyewe.

Barabara ile naijua kwa mashimo yake. Nilipiga magoti kwenye vumbi la saruji, mkono ndani, mkono juu, vijana wawili wameshika turubai kutukinga na upepo. Kuna kidirisha kidogo nyuma ya kiti cha dereva. Mwalimu alikuwa amekifungua, na kila baada ya kona alikuwa akiuliza, "Yu hai?"

"Yu hai."

Alikuwa akiuliza tena. "Yu hai?"

"Yu hai."

Mkono ukafa ganzi hadi begani. Nikawa sijui kama bado nabana au nadhani nabana. Nilimwita mdogo wangu jina la utotoni, lile ambalo hulichukia, na akafumbua jicho moja kunikaripia. Nililia pale, kwa lile jicho moja.

"Yu hai?"

"Yu hai, Mwalimu. Endesha."

Wamemwongeza damu. Wameshindwa kuizuia, kizazi wamekitoa. Yu hai.

15 Juni

Shemeji amefika, moja kwa moja kutoka barabarani, na vumbi lake. Amekaa kitandani amemshika mguu mkewe juu ya shuka. 

Alipotoka kutafuta chai, mdogo wangu aligeuza kichwa. "Dada. Ungeniacha niende."

"Ndiyo."

  Sindano zile huenda zilikufa kwa joto, huenda hazikufa na kizazi chake kingegoma hata kwa sindano zilizotoka kiwandani jana. Sitajua kamwe. Lakini hapa pana damu, taa na wapasuaji, na mimi nilimwambia ana mimi.

17 Juni

Daktari amekuja wodini. Alimpa pole mgonjwa, akaniomba tutoke barazani. Aliongea akitazama miti.

"Januari Mwalimu alikuja kwangu kabla ya kuchimba msingi. Aliniuliza kama akienda juu ghorofa nne atatuzibia jua. Tulisimama uchochoroni, mchana. Kivuli cha nyumba yake ya zamani kilikuwa kinaanguka kaskazini, kwenye ua wake mwenyewe. Nikamwambia, jenga tu Mwalimu, kivuli chako kinalala kwako."

Nilimuuliza kwa nini hakusema kwenye kikao.

"Ningesema nini? Kwamba nilisahau somo lake, mbele yake?"

"Ukaniacha nimtukane."

"Ndiyo."

 Mwezi uliopita nilidhani yule anayepiga meza ndiye aliye nyuma yangu.

18 Juni

Nimemkuta Mwalimu kwenye kibaraza cha hospitali, amekuja na chupa ya uji, haingii ndani mpaka aitwe. Nikakaa kando yake. Nikamwambia nimesikia habari za Januari, na kwamba maneno niliyomwambia pale kikaoni nayarudisha, na yale ya nyanya pia.

"Kwa nini ulinyamaza?"

"Yule ni mwanafunzi wangu. Nilimsubiri aseme mwenyewe." Akafunga na kufungua kifuniko cha chupa. "Na pia, mwanangu, hukukosea sana. Siku ile ulipokuja kwangu nilitazama juu, nikaanza kukariri kama kasuku, na katikati ya kukariri ndipo nikaelewa ninachokisema. Nimechora mhimili ulioinama ubaoni mpaka chaki zikaisha. Halafu nikaangalia kivuli cha Januari, nikadhani ni cha mwaka mzima. Kukwambia hivyo ilikuwa vigumu. Nikaendelea kujenga. Kila siku nilisema kesho nitasimamisha."

"Nami kila siku nilisema kesho nitampeleka wilayani."

 Uji ukapoa.

21 Juni

Fundi Jua ameniita kwa simu nirudi zahanati kuona. Nimepanda ngazi. Paneli zote sita zipo ndani ya kivuli, asubuhi, na mchana imetoka moja. Akasema leo ndio mwisho wa kwenda, jua halisogei kaskazini tena, lakini lisitudanganye, kurudi kwake ni kwa mwendo wa konokono, na Agosti ndipo tutakapopumua. Na mwakani litakwenda tena. Kila mwaka litakwenda.

Tulikuwa bado juu wakati tulipomwona Mwalimu juu zaidi yetu, kwenye zege la ghorofa ya tatu, amefunga kanga kiunoni, amesimama katikati ya tofali za ghorofa ya nne zilizofika magotini. Akatuita tupande.

Kule juu ni jua tupu, pande zote, hakuna kinachosimama mbele yake. Akamuuliza fundi, "Ukizileta hapa, zitakula mwaka mzima?"

Fundi akazunguka na simu yake, akatazama mistari yake. "Mwaka mzima, Mwalimu. Lakini hapa ndipo vyumba vyako vya juu."

"Hakuna vyumba vya juu," akasema. Akawageukia vijana. "Bomoeni tofali hizi. Nondo zikateni ziwe fupi, mfungie vyuma vya paneli."

Nilitaka kumwambia kitu kuhusu uzee wake, kuhusu nyumba iliyopaswa kumlea. Aliona midomo yangu inafunguka. "Ghorofa tatu zitanitosha kula," akasema. "Kama hazitoshi nitakula kidogo."

27 Juni

Waya umepita juu ya uchochoro. Friji, nyuzi nne. Bohari imeleta sindano mpya. Nimezipanga moja moja.

4 Julai

Mdogo wangu ametoka hospitali jana. Anatembea ameinama mbele, ameshika mshono. Shemeji ameomba likizo, anaosha nepi vibaya na kuzianika vizuri.

Jioni hii Mwalimu amekuja kumwona mtoto. Nilimpa kiti, nikaweka chai.  Mtoto alikuwa ananyonya.

Mdogo wangu akamtazama. "Mwalimu, mimi sitapata mwingine."

"Najua, mwanangu."

"Nataka ujue. Nataka na dada ajue. Msiseme baadaye kwamba yameisha kwa sababu friji inafanya kazi."

"Hatutasema," akajibu Mwalimu. Mimi nikaitikia kwa kichwa.

Mdogo wangu akamwondoa mtoto titini, akamfuta mdomo, akahema kwa maumivu ya mshono. Kisha akamnyooshea Mwalimu. "Mpokee basi. Mikono imechoka."

Mwalimu hajui kushika watoto. Alimpokea kama mtu aliyepewa bakuli lililojaa hadi ukingoni. Nikanyanyuka kumsaidia, mdogo wangu akanishika sketi nikae.

"Mwache," akasema. "Atazoea."